Washauri Elekezi Wawili, Kiwanda Kimoja: Tathmini ya Huduma Tuliyoilipia

Katika muda wa miaka miwili, kiwanda ninachokisimamia hapa Dar es Salaam, kinachoshona sare za shule, kimeingia mkataba na kampuni mbili tofauti za ushauri elekezi kwa kazi ile ile. Kazi yenyewe ilikuwa kuwahamisha mafundi kutoka utaratibu wa zamani, ambapo fundi mmoja hushona shati zima kuanzia kola hadi pindo, na kuwaingiza katika utaratibu wa mstari, ambapo kila fundi hushona sehemu moja tu na kumpitishia mwenzake. Kampuni ya kwanza iliondoka ikiacha kiwanda katika hali mbaya kuliko ilivyokikuta. Ya pili ilifanikiwa kwa sehemu kubwa, ingawa si kwa yote. Sitazitaja kwa majina, kwa kuwa ninachokusudia kukipima hapa ni huduma yenyewe, hasa ile sehemu yake ambayo washauri wengi huiandika kwa mstari mmoja tu katika andiko la zabuni: namna ya kuwavusha wafanyakazi wasioyataka mabadiliko.

Anayeifahamu biashara ya sare anajua kwamba mwaka wetu una kilele kimoja. Oda huanza kumiminika mwezi Novemba na hufikia ukingoni wiki ambayo shule zinafunguliwa Januari, na shati likichelewa siku kumi linabaki stoo hadi mwaka unaofuata. Kwa utaratibu wa zamani tulikuwa tukiwakosa wateja kila msimu, kwa sababu fundi wa kushona shati zima huchukua muda mrefu kufundishwa na hatukuweza kuongeza watu ghafla. Mwenye kiwanda aliona kuwa utaratibu wa mstari ndio njia pekee ya kwenda mbele, nami nilikubaliana naye, na bado nakubaliana naye hadi leo. Nayasema haya mapema ili isidhaniwe kwamba mafundi walikuwa sahihi katika kila jambo na mabadiliko yalikuwa kosa tangu mwanzo.

Kampuni ya kwanza ilianza na semina ya siku nzima katika ukumbi wa hoteli. Chakula kilikuwa kizuri na vijana waliowasilisha mada walikuwa nadhifu na wenye maneno mengi, lakini maandishi yote ukutani yalikuwa ya Kiingereza, na mama wa miaka hamsini na tano aliyeshona mashati tangu ujana wake aliketi pale kuanzia asubuhi hadi alasiri akitazama michoro ya mishale. Jambo lililoniudhi zaidi, ingawa wakati ule sikulisema, ni jinsi walivyolieleza suala la upinzani: waliwagawa wafanyakazi katika mafungu, wanaokubali, wanaosubiri na wanaopinga, kisha wakatueleza sisi viongozi, mafundi wenyewe wakiwa wameketi mbele yetu, kwamba fungu la tatu lazima litambuliwe mapema. Kuanzia dakika ile kila mtu ukumbini alijua kwamba anayeuliza swali anajiandikisha katika fungu la tatu, na kwa hiyo hakuna aliyeuliza.

Wiki iliyofuata walikuja kiwandani na saa za kupimia muda. Walisimama nyuma ya mgongo wa fundi, bila salamu, wakaandika sekunde katika karatasi, wakahamia kwa mwingine. Mwezi uliofuata meza zilipangwa upya usiku, na mafundi walipoingia asubuhi kila mmoja alikuta namba yake juu ya cherehani asiyoizoea.

Kilichofuata ni kile tunachokiita mgomo baridi, nami nakieleza kwa undani kwa sababu meneja ambaye hajakipitia anaweza kudhani kwamba upinzani ni kelele. Hapakuwa na kelele hata kidogo. Hakuna aliyekataa kukaa alipoambiwa akae. Sindano zilianza kukatika kuliko kawaida. Uzi ukiisha, fundi alinyoosha mkono na kusubiri aletewe, ilhali wiki mbili kabla angeinuka mwenyewe kwenda stoo. Kila jambo lililokuwa likifanyika kwa uzoefu sasa liliulizwa: je, hapa nirudishe mshono, au niache? Kola zilirundikana mbele ya meza ya kushonea mikono ya mashati, na mikono hiyo ikakosekana mezani pa mwisho. Tiketi ndogo za karatasi, ambazo kila fundi alitakiwa kuzibandika kwenye fomu yake ili alipwe kwa kila kipande, nilizikuta siku moja zimejaa katika kopo la bobini zilizoharibika, hazikubandikwa popote. Watu walikuwa wameamua kutohesabu kazi yao kwa hesabu ile, hata kama maana yake ilikuwa kupoteza malipo yao wenyewe. Niliposhika lile kopo mkononi ndipo nilipoelewa kwamba tatizo letu halikuwa uvivu.

Ripoti ya mwisho ya kampuni hiyo ilisema kwamba mpango ulikuwa sahihi ila utekelezaji ulikwamishwa na utamaduni wa wafanyakazi, na ikapendekeza tupunguze idadi yao. Pendekezo hilo lilivuja kabla halijanifikia mezani. Hapa nailaumu huduma ile bila kusitasita, kwa sababu mshauri anayefanya kazi Tanzania anapaswa kujua kwamba kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa ya kusudio hilo, aweke wazi taarifa zinazohusika, na ashauriane na chama cha wafanyakazi au wafanyakazi wenyewe kuhusu sababu za upunguzaji, hatua za kuuepuka, namna ya kuchagua watakaoondoka, wakati wake na malipo yao, yote hayo kabla ya kupunguza. Ripoti haikuwa na neno hata moja juu ya hayo. Kama tungeifuata ilivyoandikwa tungejikuta mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na tungestahili kujikuta huko.

Ni vema pia nieleze kwa nini neno mshauri peke yake linatosha kutikisa kiwanda cha watu wa rika lile. Wengi wao walikuwa vijana wakati Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma ilipokuwa ikibinafsisha mashirika katika miaka ya 1990, na waliona wazazi, wajomba na majirani wakirudi nyumbani na barua za kuachishwa kazi. Wanakumbuka vilevile mwaka 2002, Serikali ilipoikabidhi menejimenti ya TANESCO, shirika la umeme la taifa, kwa kampuni ya NETGroup Solutions ya Afrika Kusini, wafanyakazi wa shirika wakapinga, na mameneja wapya wakaingia ofisini chini ya ulinzi wa polisi. Mkataba ule wa menejimenti haukuwa kitu kimoja na ushauri elekezi, na ulidumu hadi mwaka 2006 ukiwa na mambo yake mazuri na mabaya, lakini picha iliyobaki vichwani mwa watu ni ile ya mgeni mwenye mkoba anayefuatwa na askari. Mshauri anayeingia kiwandani Dar es Salaam bila kuijua picha hiyo hajui anaingia wapi.

Kampuni ya pili tuliipata miezi minane baadaye. Ni ndogo, na timu yake ilikuwa ya watu wawili tu, mmoja wao mwanamke aliyepata kufanya kazi katika kiwanda cha nguo kabla ya kusomea menejimenti. Siku ya kwanza walikataa kuanzia ofisini kwangu. Yule mama mshauri aliingia ukumbi wa kushonea, akawaamkia shikamoo mafundi wote waliomzidi umri, mmoja mmoja, akaomba kigoda, akakaa kando ya fundi wa kola tangu saa mbili asubuhi hadi wakati wa chakula. Hakuwa na saa mkononi wala karatasi.

Kabla ya chakula kuletwa, fundi yule aliinuka, akaenda kwenye rundo la mashati yaliyokataliwa msimu uliopita, akavuta moja, akalitandaza dirishani penye mwanga wa jua. Alimwambia mshauri, nami nimesimama karibu: “Mwanangu, tazama mkono huu na kifua hiki. Ukiwa ndani huoni kitu. Mtoto akisimama mstarini shuleni, mwalimu ataona.” Ni kweli: mkono ulikuwa mweupe wa maziwa na kifua kilikuwa cheupe chenye ubuluu kwa mbali. Kitambaa cha jora moja hakifanani rangi kabisa na cha jora jingine, hata kama kimetoka kiwanda kimoja na kina namba moja ya rangi, na kila fundi anajua hivyo. Katika utaratibu wa zamani jambo hilo halikuwa na shida, maana fundi mmoja alipokea vipande vyote vya shati moja kutoka kwa mkataji na hakuruhusu vichanganyike. Katika mstari wa kampuni ya kwanza, mikono ilikusanywa pamoja, vifua pamoja, kola pamoja, na mwishoni vikaunganishwa bila kujua kipi kimetoka jora lipi. Mafundi walilijua kosa hilo tangu siku ya kwanza. Walikuwa wakitambua pia kwamba shati likirudishwa na mteja, anayekatwa fedha ni fundi.

Basi kile ambacho ripoti ya kwanza ilikiita utamaduni wa wafanyakazi kilikuwa, kwa sehemu kubwa, taarifa ya kiufundi ambayo hakuna aliyeiuliza. Dawa yake ilikuwa rahisi mno kiasi cha kunifanya nione haya: kila tabaka la kitambaa likishakatwa, kila kipande hubandikwa namba ndogo ya karatasi, na bunda hufungwa kwa namba za jora moja, ili mkono namba kumi na saba ukutane na kifua namba kumi na saba. Viwanda vya nguo duniani hufanya hivyo kila siku. Kampuni ya kwanza bila shaka ilikuwa na mtu anayejua, ila hakuwa pale ukumbini.

Jambo la pili ambalo huduma ya kampuni ya pili ililishughulikia vizuri ni kipato, na hapa mshauri alinieleza habari ambayo nimeirudia mara nyingi tangu wakati huo. Mwaka 1948 watafiti wawili, Lester Coch na John French, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya katika kiwanda cha Harwood kilichokuwa katika mji wa Marion, jimbo la Virginia nchini Marekani. Kiwanda kile kilishona pajama, na mafundi wake, wengi wao wanawake, walilipwa kwa kipande kama wetu. Kila walipohamishwa kazi, hata kwa badiliko dogo, uzalishaji ulianguka na wengi wakaacha kazi. Watafiti wakawagawa mafundi katika makundi kwa badiliko moja. Kundi la kwanza lilitangaziwa tu. La pili lilishirikishwa kupitia wawakilishi. Mengine yalishirikishwa watu wote, wakapanga kazi mpya pamoja na viongozi. Kundi lililotangaziwa lilibaki chini, na asilimia 17 ya watu wake waliacha kazi ndani ya siku 40 za mwanzo. Makundi ya ushiriki kamili yaliinuka haraka na kuvuka kiwango chao cha zamani kwa takriban asilimia 14, bila mtu kuondoka. Nimekaa katika kazi hii muda mrefu na sikuwahi kusikia kwamba swali langu lilijibiwa kwenye vyerehani zaidi ya miaka sabini iliyopita.

Mshauri alilitafsiri somo hilo kwa lugha ya mshahara. Fundi anayelipwa kwa kipande akibadilishiwa kazi anakuwa mwanafunzi tena, na mwanafunzi hushona vipande vichache. Kwa hiyo badiliko ambalo kwa kiwanda ni uwekezaji, kwake ni makato ya mshahara katika miezi ambayo bado ada na kodi ya nyumba vinasubiri. Alitaka mwenye kiwanda aandike ahadi, isomwe mbele ya tawi la chama cha wafanyakazi, kwamba kwa wiki nane kila fundi atakayeingia mstarini hatapokea chini ya wastani wa kipato chake cha miezi mitatu iliyotangulia, na akizidisha atapata ziada yake. Mwenye kiwanda alisita. Mshauri akasema kwa upole kwamba bila ahadi hiyo hataendelea na kazi, na kwamba yuko tayari kurudisha malipo ya awali. Naiheshimu kauli hiyo kuliko kitu kingine chochote nilichokiona katika mikataba yote miwili. Ahadi ikaandikwa.

Baada ya hapo kazi ilikwenda kwa mwendo wa kawaida. Mafundi wenyewe waliwachagua tisa wa kuanza mstari wa majaribio. Waliruhusiwa kuhamisha meza mara tatu kabla ya kukubaliana na mpangilio. Na usafi wa ukumbi ulifuata hatua tano za Kijapani ambazo wengi hapa nchini wanazijua kutoka hospitalini, tangu zilipoanza kutumika katika Hospitali ya Rufaa ya Mbeya: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Maneno hayo yaliingia ukumbini upesi kwa sababu ni ya Kiswahili na yanatamkika. Kufikia Oktoba, mistari mitatu ilikuwa ikifanya kazi, na msimu ule hatukumrudisha mteja hata mmoja wa shule tulizozizoea.

Sasa kasoro, na zipo. Kubwa kuliko zote ni kwamba kampuni ya pili iliwasahau wasimamizi wa meza. Katika utaratibu wa zamani msimamizi alikuwa mtu mkubwa: ndiye aliyegawa vitambaa, ndiye aliyeamua nani apewe mashati ya mikono mifupi ambayo hushoneka haraka na nani apewe ya mikono mirefu, na kwa hiyo ndiye aliyeshika mfuko wa kila fundi. Mstari ulimnyang'anya yote hayo asubuhi moja. Hakupoteza mshahara, ndiyo maana hakuna aliyemuuliza. Alipoteza heshima yake. Wawili kati ya wasimamizi wetu wanne walianza kuuvuruga mstari kwa njia ambazo fundi wa kawaida asingeziweza, kwa mfano kuchelewesha mabunda hadi saa tano na kusema kwamba mkataji ndiye aliyechelewa. Mmoja ameondoka kwa hiari yake, jambo linalonisikitisha, kwani alikuwa na ujuzi wa miaka ishirini na angefaa sana kuwa mkaguzi wa ubora kama tungekaa naye mapema. Mshauri alipoulizwa alikiri kwamba alitumia muda wote kwa waliokuwa wakilalamika na hakuwatazama waliokuwa wamenyamaza.

Kasoro nyingine ni ndogo zaidi. Mazungumzo yote yalikuwa ya Kiswahili, lakini ripoti ya mwisho ililetwa kwa Kiingereza pekee, na ilitubidi tulipe tena ili sehemu inayowahusu mafundi iandikwe kwa lugha wanayoisoma. Bei ilikuwa juu kuliko ya kampuni ya kwanza, ingawa ukihesabu hasara ya msimu ule wa mgomo baridi, ya kwanza ndiyo ghali. Aidha, mkataba ulikwisha katikati ya Oktoba, yaani wiki chache kabla ya msimu, na mistari ilipoelemewa mwezi Desemba hatukuwa na wa kumpigia simu. Mshauri wa mabadiliko anayeondoka kabla ya kilele hajaiona kazi yake.

Kwa msomaji anayetaka kununua huduma ya namna hii, ushauri wangu ni asome kwa makini hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi anayopewa mshauri, kabla ya kusoma bei. Za kwanza tuliziandika sisi wenyewe, nami ndiye niliyeandika sentensi iliyosema kwamba mshauri “atawaandaa wafanyakazi kuyapokea mabadiliko.” Nilikuwa naogopa kuwaambia mafundi mwenyewe kwamba utaratibu wao unakwisha, nikatafuta mgeni awaambie kwa niaba yangu, na kampuni ya kwanza ilifanya nilichowaomba wafanye. Kazi ya kuwatazama watu usoni na kuwaambia kinachokuja, kitakachopotea na kisichojulikana bado, haikuwa ya kuuzwa. Muulize mshauri siku zake ngapi zitakuwa ukumbini na ngapi ofisini, nani atamsikiliza fundi na kwa lugha gani, na kipato cha watu kitalindwaje wakati wanajifunza. Akijibu swali la mwisho kwa kusema kwamba hilo ni la mwajiri, amekwambia mengi.

Kwa kipimo changu, kampuni ya kwanza naipa nyota moja kati ya tano, kwa ajili ya vipimo vya muda ambavyo baadaye vilitufaa. Ya pili naipa nne. Tumeingia nayo mkataba mwingine mfupi utakaoanza mwezi Juni na kumalizika mwishoni mwa Januari, msimu ukiwa umekwisha. Kazi iliyobaki ni chumba cha kukatia, ambako wakataji wetu sita bado wanapanga vitambaa kwa kumbukumbu na hawataki kusikia habari ya namba za karatasi. Kikao cha kwanza kitafanyika humo humo, juu ya meza yao, na wasimamizi watatu waliobaki wameombwa waje na hoja zao kwanza.